Kuelekeza Ni Utu, Kuandaa Hesabu Ni Kazi

Kila mwaka ufikapo mwezi wa Machi, mtu ajuaye hesabu za kodi hapati raha mtaani kwake. Akipanda basi, yupo amwulizaye. Akienda msibani, hajakaa vizuri mkekani yupo amvutaye pembeni. Akirudi nyumbani jioni hukuta watu wawili watatu wamekaa barazani. Mmoja anamfahamu, wengine hajui hata majina yao, na kila mmoja ameshika bahasha. Wote wana ombi moja: "Ndugu, tunaomba utusaidie kidogo tu." Hilo neno "kidogo tu" ndilo tunalotaka kulizungumza leo.

Twalizungumza kwa sababu manung'uniko yanatoka pande mbili. Washauri wa kodi na wahasibu wananung'unika kwamba watu wasiowajua wanawamaliza kwa kuwaomba kazi ya bure. Wafanyabiashara wadogo nao wananung'unika kwamba wasomi wana roho ngumu, hawataki kumsaidia mnyonge mpaka waone fedha kwanza. Kila upande una haki yake, na kila upande una kosa lake. Mtu akisikiliza upande mmoja tu, atatoa hukumu ya haraka isiyomfaa yeyote.

Tuchukue mfano, ambao wasomaji wetu wengi watautambua. Mama mmoja mwuza vitenge anakwenda kwa kijana mhasibu ambaye hajapata kumwona. Ameelekezwa na jirani. Kijana anasimama, anasema, "Shikamoo mama." Mama anaitikia, "Marahaba mwanangu. Nimeambiwa wewe ndiwe unayejua mambo haya. Hebu nitazamie karatasi hii, mimi macho yangu hayaoni vizuri." Kijana anaipokea, anaisoma. Ni kadirio la kodi. Anauliza, "Mama, barua hii uliipokea lini?" Mama anafikiri kidogo, kisha anajibu, "Hata siku yenyewe nimeisahau, mwanangu. Ilikuwa kabla ya Idi." Kijana anahesabu kwa vidole. Siku 43 zimepita.

Sasa msomaji na ajue maana ya siku hizo 43. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inampa mlipakodi asiyeridhika na kadirio siku 30 za kuleta pingamizi kwa maandishi, tangu siku alipofikishiwa uamuzi huo. Tena sheria hiyo inamtaka alipe kwanza sehemu ya kodi asiyoibishia, au theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, kile kilicho kikubwa kati ya hivyo viwili, isipokuwa Kamishna Mkuu akikubali kwa sababu nzuri kumpunguzia au kumwondolea sharti hilo. Kwa mtu aliyechelewa mlango haufungwi kabisa, maana aweza kuomba kuongezewa muda akiwa na sababu kama ya ugonjwa au kuwa safarini. Lakini kuomba mlango ufunguliwe si sawa na kupita mlango ulio wazi. Mama yule hakukosa haki. Haki alikuwa nayo, akaiweka chini ya godoro kwa siku 43 kwa sababu hakuwa na mtu wa kumsomea.

Twauliza: je, kijana yule amkatalie? Na kama asimkatalie, amfanyie kazi kiasi gani, kwa saa ngapi, na kwa malipo ya nani? Hapo ndipo penye shauri lenyewe.

Kwanza yatupasa kukumbuka kwamba jambo hili ni la kale katika nchi yetu. Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba kwa amri ya mwaka 1897. Waingereza wakatunga sheria yao ya kodi ya nyumba na ya kichwa mwaka 1922. Hakuna aliyemwuliza mlipaji kama anajua kusoma. Alipewa karatasi akaambiwa aitunze, naye akaitunza kwenye ukindu wa paa au katika pindo la shuka, kwa kuwa karatasi hiyo ndiyo ilikuwa ngao yake. Aliyeweza kumwambia imeandikwa nini alikuwa mwalimu, au karani, au kijana aliyewahi kukaa darasani. Hata baada ya Uhuru, wapo wazee wanaokumbuka jinsi walivyokimbilia vichakani walipoona mgambo wa kodi ya maendeleo, mpaka kodi hiyo ilipofutwa mwaka 2003. Basi kumsomea jirani karatasi ya kodi ni heshima ya zamani, na aliyekuwa akisoma hakuitwa mjinga kwa kusoma bure.

Lakini mambo yamebadilika, na wengi hawajayatambua mabadiliko hayo. Zamani mtu aliambiwa kiasi cha kulipa. Kazi yake ilikuwa kukitafuta kiasi hicho tu. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 iliujenga mfumo wa kodi juu ya mlipakodi mwenyewe kujikadiria: ajue mauzo yake, ajue matumizi yanayokubaliwa, alete makadirio, alipe kwa awamu katika mwaka, na mwaka ukiisha alete ritani ikiwa ni katika wanaotakiwa kuileta. Mamlaka ya Mapato, iliyoanza kazi mwezi wa Julai 1996, imeyahamishia mambo mengi katika kompyuta na simu. Mashine za kutolea risiti nazo zimeingia madukani. Kwa hiyo mtu aombaye "nisomee karatasi hii" mara nyingi, bila kujua mwenyewe, anaomba apangiwe vitabu vya mwaka mzima, ajumlishiwe mauzo, aandikiwe barua na kutetewa. Kusoma karatasi kwachukua dakika 5. Hayo mengine huenda yakachukua siku 5.

Wasomaji wa ukurasa huu ni watu wa kazi. Nao wanajua vizuri kwamba hakuna amwendeaye seremala asiyemjua na kumwambia, "Nichongee mlango kidogo tu." Hakuna amwambiaye dereva, "Nipeleke Morogoro mara moja tu, hutapoteza kitu." Mbao huonekana, na mafuta ya gari huonekana. Lakini kazi ya kichwa haionekani, na kwa sababu hiyo watu hudhani haina gharama. Twasema wazi kwamba hilo ni kosa. Mhasibu amesoma kwa miaka, na wengine wamesomeshwa kwa jembe la wazazi wao. Ana watoto wanaotaka ada, na nyumba inayotaka kodi ya pango. Saa anayompa mgeni barazani ameitoa katika usingizi wake au katika kazi ya aliyemlipa. Mfanyakazi anayedai ujira wake mwenyewe mwisho wa mwezi hawezi kuudharau ujira wa mwenzake.

Tena kuna hatari ambayo mwombaji haioni. Jibu la bure linalotolewa njiani laweza kuwa ghali kuliko jibu la kulipia. Viwango vya kodi hubadilika. Kila mwaka Bunge hupitisha Sheria ya Fedha, na mabadiliko huanza kutumika tarehe 1 Julai. Mshauri aliyesimamishwa kituo cha basi, hana kitabu mkononi, hajaona hesabu za mwenye kuuliza, akatoa tarakimu kwa kukumbuka ya mwaka uliopita, amemdanganya mwenzake bila kukusudia. Faini itakapokuja haitakwenda kwa mshauri. Mlipakodi ndiye mwenye dhamana mbele ya sheria, na kusema "niliambiwa na fulani" si utetezi. Kisha fulani huyo atachukiwa mtaa mzima kwa wema alioufanya akiwa ameshika chuma cha basi.

Hayo ndiyo haki ya mshauri. Lakini sasa na tumgeukie yeye, kwa maana wapo wanaoitumia haki hiyo kama ukuta wa kujifichia. Wapo ambao mzee akibisha hodi hujibu kutoka ndani, "Mwambieni sipo." Wapo wanaojibu kwa maneno magumu ya kitaalamu makusudi, ili mwulizaji aone aibu akaondoke. Huo si utu. Elimu aliyonayo hakuichimba peke yake kama mchimba kisima cha nyumbani kwake. Imo jasho ya wengi waliolipa kodi hizo hizo anazozihesabu. Yapo mambo ambayo kila mgeni anastahili kuambiwa bila kulipa hata senti, na yote huchukua muda wa kunywa kikombe kimoja cha kahawa.

Mambo yenyewe ni haya. Amwambie karatasi aliyoishika ni karatasi gani: ni kadirio, ni kumbusho, au ni hati ya madai. Amwambie tarehe ya mwisho ni lini, na ikiwezekana aiandike juu ya bahasha kwa wino. Amwambie aende wapi mahali pasipotoza fedha. Na amwambie asitupe risiti wala daftari, kwa kuwa sheria yataka kumbukumbu za biashara zitunzwe kwa miaka 5. Mambo manne tu. Kama yule mama mwuza vitenge angaliambiwa hayo siku ya tatu badala ya siku ya 43, angalikuwa na siku 27 za kutafuta msaada.

Wapo watakaosema kwamba maneno hayo ni madogo mno hata hayasaidii. Basi na tuwape mfano wa hesabu. Katika viwango vilivyotungwa mwaka 2019 kwa wafanyabiashara wadogo, mtu ambaye mauzo yake ya mwaka yalizidi shilingi milioni 4 lakini hayakupita milioni 7, kama hakuwa na kumbukumbu alitakiwa kulipa shilingi 100,000. Kama alikuwa na kumbukumbu, alitakiwa kulipa asilimia 3 ya yale mauzo yaliyozidi milioni 4. Tuchukue mtu aliyeuza kwa shilingi milioni 5. Asiye na daftari alilipa 100,000. Mwenye daftari alilipa 30,000. Biashara ni ile ile, soko ni lile lile, na sheria ni ile ile. Tofauti ni shilingi 70,000, na kilichozileta ni daftari la shule na kalamu. Katika daraja la juu yake, la zaidi ya milioni 7 hadi milioni 11, asiye na kumbukumbu alilipa 250,000, na mwenye kumbukumbu aliyeuza kwa milioni 10 alilipa 180,000. Hapo tena ni 70,000 zilizobaki mfukoni. Aliyemwambia jirani yake "andika kila unachouza" amempa zawadi kuliko aliyempa mtaji, na hakupoteza hata nusu saa.

Sasa twamgeukia mwombaji, na hapa twataka kusema bila kupaka mafuta. Waombaji si wa namna moja. Yupo asiye na kitu: mama wa vitenge, kijana wa duka la dawa za mifugo, mzee aliyepangisha chumba kimoja. Huyo hana fedha za kumlipa mshauri, na kama angezilipa zingekuwa nyingi kuliko kodi yenyewe. Lakini yupo mwingine. Ana malori mawili, ana maduka mtaa wa juu na mtaa wa chini, naye akimwona mhasibu katika harusi humshika bega na kumpeleka kando ya spika za muziki: "Kijana wangu, wewe ni mtaalamu, hebu nipe mawazo." Anapata mawazo yenye thamani ya mamilioni, anamaliza soda yake, anaondoka. Kesho yake hamjui tena kijana huyo. Mtu huyu akiombwa malipo husema vijana wa siku hizi hawana uungwana. Sisi twasema kwamba mwenye uwezo akichukua jasho la mfanyakazi bila malipo, hata akilichukua kwa tabasamu, huo ni unyonyaji. Tena amechukua dakika ambazo ilistahili apewe yule asiye na uwezo.

Kuna na namna ya tatu, nayo ndiyo mbaya kuliko zote. Huyu haulizi ajue sheria. Huuliza ili apate mwenzake wa kuivunja. Husema, "Nionyeshe njia ya kupunguza," na maana yake ni nionyeshe pa kuficha. Huleta vitabu viwili, kimoja cha kweli na kimoja cha maonyesho, na hutaka mshauri atie mkono wake katika kile cha maonyesho, tena bure, kwa jina la undugu. Huyo na akataliwe mchana kweupe. Kodi inayofichwa na mwenye maduka ndiyo dawa inayokosekana zahanati, na mwishowe hudaiwa kwa mfanyakazi, ambaye kodi yake hukatwa kabla hajaushika mshahara wake na hana pa kuficha hata shilingi moja.

Mwombaji mwema naye ana wajibu wake. Aje mapema, asingoje jioni ya tarehe 31 Machi, siku ambayo wengi hutakiwa wawe wamekwisha kuleta makadirio yao na kulipa awamu ya kwanza. Aje na karatasi zote, si zile tu anazoona zinampendeza, kwa maana mgonjwa anayemficha mganga nusu ya maradhi hajitendei haki. Asimpe mtu yeyote nywila yake, hata awe mwema namna gani. Nywila ni kama muhuri wa nyumba. Na akiambiwa, "Ndugu, hapa msaada wa bure umekwisha, sasa ni kazi," asione ametukanwa.

Kwa nini twalikazania jambo hili, na huku wengine wataliona ni la kugombana barazani tu? Kwa sababu pale mshauri wa kweli anapofunga mlango, na mwenye shida anapoogopa kwenda ofisini, yupo wa tatu anayengoja njiani. Ni kishoka. Husimama karibu na malango ya ofisi amebeba mkoba, amevaa shati safi, anaongea kwa upole. Humwambia mgeni, "Mzee, mimi nawajua wote humo ndani." Humtoza fedha kwa ajili ya namba ya utambulisho wa mlipakodi, ambayo serikali huitoa bila malipo. Huchukua fedha za awamu ya kodi akiahidi kuzipeleka, na kuzipeleka hazipeleki. Hubuni tarakimu za mauzo ambazo mwenye duka hakupata kuzisikia, kisha hutoweka, na simu yake haipatikani. Sheria yataka mshauri wa kodi awe ameandikishwa. Kishoka hana andikisho, hana anwani, na jina lake la leo silo la kesho. Huyu analishwa na ukimya wetu. Kila mlango unaofungwa kwa mgeni mwenye karatasi ni mlango unaofunguliwa kwa kishoka.

Twajua jibu la maofisa litakuwa nini. Watasema ofisi za mamlaka zina madawati ya elimu kwa mlipakodi, na huduma hiyo ni ya bure. Ni kweli, nasi twawahimiza wasomaji wayatumie madawati hayo bila kuogopa. Lakini na tuwe wakweli. Mtu anayedaiwa huona shida kumweleza mashaka yake yote yule anayemdai, hata mdai awe mpole na mwenye haki. Bunge lenyewe lililitambua jambo hilo pale sheria ya mwaka 2019 ilipoweka usuluhishi wa malalamiko ya kodi, ili mlalamikaji awe na mahali pengine pa kusemea. Hata hivyo msuluhishi huja baada ya ugomvi. Mama wa vitenge alihitaji mtu wa kumsomea barua kabla ugomvi haujazaliwa.

Mfano mzuri tunao hapa hapa nyumbani. Kwa miaka mingi mnyonge mwenye kesi ya shamba au ya mirathi alikuwa katika hali hii hii: wakili ni ghali, na mtaani wapo wapiga domo. Mwaka 2017 ikatungwa Sheria ya Msaada wa Kisheria, ikamtambua msaidizi wa kisheria, mtu aliyefundishwa, anayekaa karibu na wananchi, anayeeleza haki na njia za kuipata. Haruhusiwi kusimama mahakamani kama wakili. Mpaka wake unajulikana, na kwa sababu unajulikana, mawakili hawamwoni kuwa mwizi wa kazi yao, wala wananchi hawamdai asichokiweza. Twauliza, ikiwa mnyonge amepata msaidizi wa kisheria, kwa nini asipate msaidizi wa kodi?

Wala tusidhani jambo hili halijajaribiwa. Marekani, nchi ambayo hakuna awezaye kuituhumu kwa kuchukia biashara, tangu miaka ya mwanzo ya 1970 imekuwa na mpango ambao watu wa kujitolea huwaandalia ritani wenye kipato kidogo bila malipo, kabla ya tarehe ya mwisho ya mwezi wa Aprili. Yapo mambo matatu katika mpango huo ambayo yafaa tuyatazame. Wanaojitolea hufundishwa na kupimwa kwa mtihani kabla ya kuruhusiwa kugusa karatasi ya mtu. Ritani iliyoandaliwa na mmoja hupitiwa tena na jicho la pili. Na mambo mazito huyakataa tangu mwanzo; humwambia mtu kwa adabu kwamba shauri lake linataka mtaalamu wa kulipwa. Mwenye kujitolea hachoshwi na mambo yasiyo na mwisho, na mwenye shida hadanganywi kwamba amesaidiwa kumbe amepotezwa. Hatuhitaji kuiga nchi yoyote katika kila kitu ili kukubali kwamba hapo wametumia akili.

Kwa hiyo basi, twatoa shauri letu. Bodi ya wahasibu, mamlaka ya mapato, vyama vya wafanyakazi, vyama vya ushirika na viongozi wa masoko wakae pamoja, waweke meza ya msaada wa kodi katika masoko na mitaa, angalau siku moja kila wiki katika miezi ya awamu, yaani Machi, Juni, Septemba na Desemba. Wanafunzi wanaosomea uhasibu na kodi vyuoni wakae katika meza hizo chini ya uangalizi wa mhasibu aliyeandikishwa, na kazi hiyo ihesabiwe kuwa sehemu ya mafunzo yao. Meza isome barua, ionyeshe tarehe, ifundishe kuandika daftari, na isaidie makadirio ya biashara ndogo. Isichukue fedha za kodi mkononi kwa mtu yeyote, wala nywila, na isiandae hesabu za makampuni. Mwenye malori mawili akija, aonyeshwe orodha ya washauri walioandikishwa, akalipe kama anavyolipa fundi wa malori yake.

Hata ofisi za matawi yetu zaweza kutoa kiti, kivuli na meza. Mara nyingi majengo hayo hukaa kimya mpaka ufike wakati wa uchaguzi. Lakini twaweka sharti moja: meza hiyo isimwulize mtu kadi ya chama chochote. Kodi hailipwi kwa kadi, na mwenye kushikwa na tarehe ya mwisho hana wakati wa kuonyesha itikadi yake. Tawi litakalomhudumia yule asiyelipenda ndilo litakaloeleweka mtaani kwamba lipo kwa ajili ya watu.

Mpango huu utamponya na mshauri wa kodi mwenyewe. Leo hana jawabu jingine ila kukubali kila kitu au kukataa kila kitu. Akikubali, anaumia, akikataa, anaitwa mchoyo. Meza ikiwapo, ataweza kumwambia mgeni, "Karibu mzee, keti. Karatasi hii ni kadirio. Umebakiwa na siku 20. Alhamisi nenda sokoni, wapo watakaokusaidia bila malipo, na mimi mwenyewe nitakuwapo Alhamisi ya pili." Hapo mgeni ameondoka na kitu, na mwenye nyumba amelala usingizi wake.

Mpaka meza hizo zitakapowekwa, na hatujui zitachukua muda gani, jambo lililo mikononi mwetu ni dogo na twaweza kulianza jioni hii. Ewe unayejua, usimrudishe mtu mlangoni bila kumsomea tarehe. Ewe unayeuliza, fungua bahasha siku unayoipokea, na umheshimu mwenzako kwa kazi yake kama unavyotaka yako iheshimiwe. Nawe mwenye uwezo, toa mkono mfukoni ulipe. Siku 30 si nyingi, na huanza kuhesabiwa hata kama barua imelala chini ya godoro.